Kabla Hujauvisha Ukuta wa Nyumba Yako ya Uvira

Siku hizi picha hufika kabla ya pesa. Ndugu aliyeko Iowa, Texas au Kentucky anapiga picha nyumba ya jirani yake, anaituma kwa WhatsApp kwa mdogo wake anayesimamia kiwanja Mulongwe au Kavimvira hapa Uvira, na chini yake anaandika: nataka ya kwetu iwe hivi. Ukuta anaousema ni ule wenye vipande virefu vyeupe au vya kijivu, vilivyolazwa kimoja juu ya kingine kutoka chini mpaka kwenye paa. Mwingine yuko Nairobi au Dar es Salaam. Huyo anatuma picha ya ghorofa lenye mabamba yanayong'aa, au nyumba iliyobandikwa mawe ya kuchonga upande wa mbele. Fundi akionyeshwa picha zote anajibu kwamba inawezekana. Kweli inawezekana. Ila hakuna aliyeuliza kama ukuta wa Uvira unahitaji vitu hivyo, na kama utadumu navyo.

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili, kladingi na saidingi, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kladingi ni chochote kinachowekwa juu ya mwili wa ukuta kwa nje ili kuulinda au kuupamba: vigae, mawe, mabamba ya aluminiamu, mabati, mbao. Saidingi ni aina moja tu ndani ya kundi hilo. Ni vipande virefu vya mbao, vya plastiki ngumu, au vya simenti iliyochanganywa na nyuzi, vinavyopigiliwa misumari na kupandana, cha juu kikifunika ukingo wa cha chini ili maji yateremke bila kupata pa kuingilia. Kila saidingi ni kladingi, lakini ukimwambia muuza vifaa "nataka kladingi" anaweza kukupa kitu ambacho hakifanani hata kidogo na kile cha kwenye picha.

Kwa anayejenga huku kwetu, mgawanyo wenye faida zaidi ni mwingine. Kuna kifuniko kinachogandamana na ukuta, kama lipu, vigae na mawe. Na kuna kifuniko kinachotundikwa mbele ya ukuta, kama mbao na mabati, kikiachiwa nafasi ya hewa nyuma yake. Cha kwanza huishi na ukuta: ukuta ukilowa nacho kimelowa, ukipasuka nacho hupasuka. Cha pili hupokea mvua peke yake, na kinachopenya huteremka au hukauka kwa upepo kabla hakijaugusa ukuta. Ukishalielewa hili, umeelewa zaidi ya nusu ya kazi.

Nyumba nyingi za Marekani zina saidingi kwa sababu ukuta wenyewe ni fremu ya mbao. Juu ya fremu hupigiliwa mabamba ya mbao zilizogundishwa, juu ya mabamba huvutwa utando maalumu wa kuzuia maji, kisha ndipo saidingi hufuata. Ile ya plastiki haizuii maji yote. Mengine hupita kwenye maungio, na utando wa nyuma ndio huyateremsha. Kwa hiyo anayenunua vipande vya plastiki na kuvipigilia moja kwa moja kwenye tofali hajanunua ukuta wa Marekani, amenunua tabaka lake la mwisho tu.

Tena plastiki hiyo hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi. Matundu yake ya misumari ni marefu kwa makusudi, na fundi anatakiwa apige msumari katikati ya tundu bila kuukaza mpaka mwisho, ili kipande kiweze kuteleza. Fundi asiyejua hilo hukaza kwa nguvu zote, akidhani anaimarisha kazi, na baada ya muda ukuta mzima unajikunja. Uvira inatazama mashariki. Jua linapanda upande wa Burundi na kupiga uso wa nyumba tangu asubuhi, kisha huzama mapema nyuma ya milima ya Mitumba. Uso wa nyumba unaotazama Ziwa Tanganyika ndio mara nyingi mwenye nyumba anataka kuupamba, na ndio huohuo unaopata moto wa asubuhi yote. Na kipande kimoja kikivunjwa na jiwe la mtoto, utakipata wapi kingine chenye rangi ileile? Kwa Uvira, saidingi ya plastiki mimi siishauri.

Turudi kwenye kuta tulizo nazo. Wengi hujenga kwa tofali bichi lililokaushwa juani, wengine kwa tofali la kuchoma, na wenye uwezo kwa bloku za simenti. Kuta hizi hubeba paa zenyewe na hazina fremu ya kuoza. Adui yake ni maji, na maji hayo hayatoki juu peke yake.

Msimu wa mvua ukiisha, nenda ukasimame karibu na nyumba ya tofali bichi isiyo na mfereji wa paa. Tazama sentimita 40 za chini. Ukuta umeliwa kuingia ndani, pembe za matofali zimekuwa mviringo, na kwenye ardhi kuna mtaro mwembamba ulionyooka, sambamba na ukingo wa mabati. Pale ndipo matone hudondokea, yakaruka na kupiga ukuta, mvua baada ya mvua. Inua macho hadi usawa wa dirisha: tofali ni lilelile, mikono iliyojenga ni ileile, na ukuta ni mzima. Kilichouharibu ukuta wa chini ni mabati yaliyokatwa mafupi ili kubana matumizi.

Mwenye nyumba akiona hivyo huita fundi, na fundi hupiga lipu ngumu ya simenti juu ya udongo. Mwaka wa kwanza inapendeza. Lakini udongo ukilowa huvimba na ukikauka husinyaa, na simenti haiufuati. Nyufa nyembamba hutokea, mvua huingia humo, na unyevu mwingine hupanda kutoka ardhini. Ukishaingia hauna pa kutokea, kwa kuwa uso umezibwa. Nyuma ya lipu, tofali linarudi kuwa tope huku nje rangi ikiwa bado inang'aa. Kipimo chake ni rahisi: chukua ufunguo, gonga ukuta taratibu ukipanda kutoka chini. Palipo pazima hutoa sauti fupi na kavu. Lipu ilipoachana na tofali hutoa sauti ya uwazi, na ukisikia hivyo sehemu pana, usipake rangi juu yake. Ibandue kwanza uone kilicho nyuma.

Wazanzibari wanalijua jambo hili vizuri. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake hunyonya unyevu na kuutoa. Palipotengenezwa kwa simenti ngumu unyevu umefungiwa ndani, ndiyo maana wahifadhi husisitiza chokaa itumike tena. Kanuni ni hiyohiyo kwa tofali bichi la Uvira: kifuniko kinachogandamana kisiwe kigumu kuliko ukuta, wala kisizibe pumzi yake.

Kwa nyumba ya tofali bichi, basi, ninashauri lipu ya udongo wenye mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, ipigwe kwa tabaka mbili, kisha ipakwe chokaa. Itahitaji kurudiwa sehemusehemu kila baada ya misimu kadhaa, na wapo watakaosema huo ni umaskini. Si umaskini. Kazi hiyo hufanywa na familia yenyewe kwa udongo wa kiwanja, na haifichi ugonjwa wa ukuta. Rangi ya mafuta usiitumie kabisa juu ya udongo. Ukuta wa tofali bichi uinuliwe juu ya msingi wa mawe unaojitokeza angalau nusu mita juu ya ardhi, na mabati yatoke nje ya ukuta si chini ya sentimita 60. Kwa mji huu, mawe hayo ya chini huulinda ukuta kuliko kladingi yoyote. Mito yetu inashusha mawe bila kikomo. Chagua yenye uso wa kukwaruza au uyapasue, kwa sababu jiwe la mto lililolainishwa na maji halishikwi vizuri na mchanganyiko wa simenti.

Kwa tofali la kuchoma na bloku, lipu ya simenti haina ubaya ikipigwa ipasavyo. Mchanga ndio unaoamua. Jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache usiku kucha. Asubuhi utaona mchanga umekaa chini na tope laini limekaa juu yake. Tabaka la tope likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au utafute mwingine. Mchanga laini sana wa ufukweni hutoa lipu yenye nyufa. Wa mtoni, wenye chembe kubwa na ndogo pamoja, ni bora. Ukuta uloweshwe kwanza, kisha urushiwe tabaka la kwanza jembamba lenye kukwaruza, ndipo tabaka la pili lifuate kwa sehemu moja ya simenti kwa tano za mchanga. Baada ya hapo imwagiliwe maji siku 7. Wengi huacha siku ya pili.

Tumia pia jiografia ya mji kwa faida yako: upande unaotazama ziwa upigwe lipu mchana jua likishahamia nyuma ya nyumba, na upande wa mlima upigwe asubuhi. Lipu iliyopigwa kwenye jua kali hukauka kabla simenti haijashika, na haina dawa tena.

Hesabu ya simenti uifanye mwenyewe kabla ya kuletewa. Mfuko mmoja wa kilo 50, kwa mchanganyiko huo wa moja kwa tano, hutoa lipu ya mita za mraba kama 10 yenye unene wa sentimita moja na nusu. Nyumba ya mita 10 kwa 8 yenye kuta za mita 3 ina mita za mraba 108 kwa nje. Toa milango na madirisha, utabaki na kama 90. Fundi akikuambia mifuko 9 au 10, pamoja na mmoja au miwili ya upotevu, mko sawa. Akisema 20, muulize ukuta umepinda kiasi gani, kwa kuwa unene wa lipu unaficha ukuta uliojengwa vibaya.

Kuhusu mafuriko nitasema wazi: hakuna kladingi inayoyazuia. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, watu wengi walipoteza maisha na maelfu ya nyumba yakaharibika. Ziwa nalo limepanda mara kwa mara tangu wakati huo, na mwaka 2024 liliingia tena kwenye nyumba na barabara za mwambao, hadi Kalundu bandarini. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo likijaa halishuki haraka. Maji yanayosimama wiki nzima huyeyusha tofali bichi hata likiwa na lipu nzuri namna gani. Ikiwa mtaa wenu una alama ya maji kwenye kuta, ipime kutoka ardhini, na chini ya alama hiyo usijenge kwa udongo hata kidogo: mawe, bloku, au tofali lililoiva vizuri. Nyumba iliyosalimika baada ya maji kutoka isifunikwe mara moja. Bandua lipu ya chini yote, osha tope, acha ukuta ukauke kiangazi kizima. Najua familia inatamani kusahau na kupaka rangi upya kabla ya wageni kufika, lakini ukuta unaofungwa na maji ndani yake utaanguka baadaye, pengine usiku watu wakiwa wamelala.

Sasa mbao. Aliyefika Goma ameona mitaa mizima ya nyumba za mbao, nyingi zikiwa zimesimama juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo iliyolipuka Januari 2002. Hiyo ndiyo saidingi ya nyumbani kwetu, na hatukuhitaji picha kutoka ng'ambo ili kuijua. Nyumba hizo ni nyepesi, zinaweza kubomolewa na kuhamishwa, na zikitikiswa haziui kama matofali. Mbao zikilazwa, anza kupigilia kutoka chini, kila ubao ukifunika wa chini yake kwa sentimita 3 hivi, na msumari wa ubao wa juu usipite kwenye ubao wa chini, maana ubao mbichi hupungua ukikauka na ukibanwa pande mbili utapasuka katikati. Zikisimamishwa, kila ungio lifunikwe kwa ubao mwembamba. Ubao wa mwisho uishie sentimita 20 au zaidi juu ya ardhi. Zikiwa mbele ya ukuta wa tofali, pigilia kwanza fito za sentimita 2 au 3 ili hewa ipite, na chini uweke wavu wa waya panya wasijenge humo.

Mchwa ndio shida kubwa, hasa kuelekea bonde la Ruzizi. Oili chafu ya gari hutumika sana, nayo husaidia kwa muda, lakini hushika moto na huchafua ardhi na kisima. Msingi wa mawe ulio wazi, unaokuwezesha kuona njia ya mchwa ikipanda na kuivunja mara moja, una faida kubwa zaidi.

Na hapa ndipo naweza kumjibu ndugu yule wa Iowa kwa namna itakayomridhisha. Kuna sehemu moja ya nyumba ya Uvira inayofaa kabisa kuwekwa saidingi: ile pembetatu ya juu, kati ya ukuta wa pembeni na paa. Wengi huijaza matofali. Tofali za pale hazijabanwa na kitu juu yake, na ardhi ikitikisika ndizo huwa za kwanza kuanguka. Sisi tunaishi kwenye bonde la ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya ziwa hilihili na kuharibu nyumba Kalemie, na Februari 2008 lingine likapiga Bukavu na upande wa Rwanda na kuua watu. Komesha ukuta kwenye mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote, kisha pembetatu hiyo uifunge kwa mbao zilizopandana au mabati ya rangi juu ya fremu nyepesi. Unapata mistari ileile iliyokuvutia kwenye picha, unapunguza uzito ulio juu ya vichwa vya watoto, na mbao zinakaa mbali na mchwa na matone yanayoruka, chini ya kivuli cha paa.

Kwa sababu hiyohiyo ya tetemeko, mawe mazito ya mapambo na vigae vikubwa visibandikwe juu ya mlango wala juu ya dirisha la baraza. Vikae chini, usawa wa kiuno. Vigae vingi vinavyowekwa kwenye nguzo na kuta za mbele vilitengenezwa kwa ajili ya sakafu. Ukutani vinahitaji gundi ya vigae iliyopakwa uso mzima, si matonge matano ya simenti kwenye pembe na katikati. Gonga kila kimoja kwa ufunguo kabla hujamlipa fundi.

Mabamba ya aluminiamu, ambayo sasa yanaonekana mbele ya maduka na ofisi katika miji yetu, yana jambo moja la kuuliza kabla ya bei: katikati yake kuna nini? Bamba hilo ni karatasi mbili nyembamba za aluminiamu zenye kitu kingine ndani. Kikiwa plastiki ya kawaida, kinawaka. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell mjini London liliungua, watu 72 wakafa, na mabamba ya namna hiyo yaliyokuwa yamefunika jengo ndiyo yaliyosambaza moto kutoka ghorofa hadi ghorofa. Muuzaji asipoweza kuonyesha maandishi ya kiwandani yanayosema kiini hakishiki moto kirahisi, usiyaweke kwenye jengo ambalo watu watalala, na usiyapitishie nyaya za umeme nyuma yake.

Ndugu uliye mbali, unayetoa jasho kwenye ghala au hospitali ili wazazi wapate nyumba: pesa ya kwanza itumie kwa mambo yasiyoonekana vizuri kwenye picha. Mabati yatoke nje ya ukuta sentimita 60, mifereji ya paa iwe na pa kumwaga maji mbali na msingi, mawe yazunguke chini ya kuta, na mkanda wa zege upite juu ya milango. Mwombe anayesimamia akutumie picha ya sentimita 40 za chini za ukuta baada ya mvua kubwa, si ya uso wa nyumba siku ya jua. Mvua ya msimu mmoja ikipita na sehemu hiyo ikabaki kavu, hapo chagua rangi, mbao au mawe unayoyapenda. Ikiwa bado inalowa, usitume pesa ya mapambo.